Chembe Elfu Nne

Chumba kiko ghorofa ya tatu, Tampere,
palipokuwa kiwanda cha pamba.
Chini ya sakafu maporomoko hayalali,
na dirisha la kusini limezibwa kwa gazeti
kwa sababu Sampsa, mchoraji, halipendi jua la saa nane,
ambalo hata hivyo halijatokea tangu Novemba.

Mchezo wao unahusu mwanamke mmoja na greda.
Usiku kucha anafyeka theluji barabarani
ili mkunga, ambaye hatamwona, apite alfajiri.
Hakuna adui. Hakuna bunduki. Hakuna hata alama.
Miaka mitatu na nusu wameulea,
na benki imebaki kodi ya miezi miwili,
mitatu ikiwa Taimi hatatengeneza jino.

Sasa mezani kuna karatasi tatu.

Ya kwanza ni ya konsoli kubwa, nyeusi,
inayounguruma kama friji ya hoteli.
Ina nguvu za kubeba theluji yote,
lakini dukani kwake michezo imemwagwa kama dagaa:
mdogo akiingia asubuhi, adhuhuri keshafunikwa.

Ya pili ina fedha taslimu, tena mbele,
kiasi ambacho Taimi alikisoma mara mbili,
mara ya pili kwa kidole,
kwa sharti kwamba mwaka mzima
mchezo usionekane kwa jirani yeyote.
"Hii ni posa," Sampsa aliuliza, "au kifungo?"
"Ina mahari," Taimi akajibu, "na mimi nina jino."

Ya tatu ni ya kile kidogo cha mkononi,
kinachochezwa kitandani, chini ya blanketi,
kwenye treni ya kwenda Oulu,
na chooni pia, tusidanganyane.
Humo greda lao lingekaa kama yai kiotani,
ila kifaa ni dhaifu, kinapumua kwa taabu.
Raakel alipoijaribu theluji yake pale,
ile aliyoiandika chembe kwa chembe, elfu nne,
kila moja na upepo wake,
greda liliganda katikati ya daraja,
kisha likasogea kwa kushtuka-shtuka
kama mtu anayeshuka ngazi taa zimekatika.

Njia mbili zilimshinda fisi, tunaambiwa.
Fisi hakuwahi kulipia majaribio,
wala kurudishiwa kazi yake kwa barua ya mistari miwili
kwamba kitufe cha kurudi
kimeitwa kwa jina la kitufe cha jirani.

Walipiga kura.
Kila karatasi ikapata kura moja.
Taimi akacheka mpaka akashika shavu.

Usiku wa Alhamisi Raakel alibaki peke yake.
Hakumwambia mtu. Alilifungua faili la theluji
akaanza kupunguza.
Elfu tatu. Elfu moja mia saba.
Kila tarakimu aliyoifuta aliiomba radhi kwa sauti,
kama mtu anayeng'oa miche aliyoipanda mwenyewe.
Kwenye mia tatu na kumi greda likatembea.
Likavuka daraja.
Na hapo akaona kitu ambacho theluji yake
ilikuwa imekificha siku zote:
katika nyumba ya mwisho Sampsa alichora taa,
na nyuma ya taa mwanamke mjamzito, kashika kiuno,
anaiangalia barabara.

Asubuhi alimuuliza, "Ulimchora lini?"
"Mwaka wa kwanza. Nilidhani hukumpenda."

Karatasi ya tatu waliisaini kwa kalamu ya kuazima.
Kama utauzwa, hakuna ajuaye. Soko ni soko.
Jino la Taimi bado linamuuma, upande wa kushoto,
hasa akinywa kahawa.

Na ndani ya droo, kwenye kompyuta ya zamani
ambayo kifuniko chake hakifungi vizuri,
Raakel ameiacha ile theluji ya elfu nne.
Siku nyingine huifungua kwa dakika mbili hivi.
Haendeshi.
Anaiangalia tu ikianguka.